Gari Lililolaliwa na Kuku

Yai lilikuwa chini ya kiti cha dereva, na mimi ndiye niliyelipasua kwa goti. Kama hujawahi kunusa yai viza lililokaa miezi ndani ya ghala la mabati huko Siakago, kwenye joto lile, mshukuru Mungu wako na usiniulize. Nilitoka mbio, nikatapika kando ya mpapai, nikapangusa mdomo, nikarudi. Nani mwingine angerudi?

Gari lenyewe ni dogo, la watu wawili, halina paa. Mzungu mmoja wa misheni aliyekuwa akiendeshwa na baba alimwachia alipokuwa anarudi kwao, na baba akalipenda kuliko shamba. Mama hakuwahi kuliingia hata siku moja. Alisema gari lisilo na paa ni kama kaburi ambalo halijafunikwa. Kwa hiyo kiti cha pili kilikuwa changu, na nilipofika kidato cha pili baba akanihamishia kile cha kwanza, akanifundisha kuendesha kwenye barabara ya vumbi, yeye akiimba nyimbo za kanisa ili asionekane anaogopa.

Alikuwa na tabia moja tu iliyonikera. Jumapili tukitoka kwenda ibadani, mama akiwa ametangulia kwa miguu na wenzake, baba alikuwa akipita lango na kwenda polepole mpaka kwenye kalvati, pale barabara inapovuka mtaro na nyumba haionekani. Anasimama. Anatoa ndoo, sabuni na brashi, anasugua magurudumu. Magurudumu tu! Mwili wa gari haugusi. Mimi nimevaa gauni langu la kanisani, jua linanichoma, tunachelewa. "Baba, si yatachafuka tena sasa hivi?" "Wewe kaa," ananijibu. Ndugu yangu mkubwa alisema hayo ni maringo ya mzee, nami nikaamini.

Baba alifariki kwa ugonjwa wa sukari, kitandani kwake. Gari likasukumwa ghalani, kuku wakahamia, panya wakafuata. Mwaka huu ndugu yangu akaamka na lake. Yeye ana duka la vifaa vya ujenzi Embu mjini na ni mzee wa kanisa, na anapenda kuongea akiwa ameshika tumbo lake kwa mikono miwili. Siku moja familia tumekutana nyumbani kula, akasema gari la marehemu linatia aibu bomani, amepata mtu wa skrepa, mnunuzi wa vyuma chakavu, litakatwakatwa na hadithi itaisha. Alisema hivyo akitafuna nyama, mafuta yakimtiririka kidevuni. Nilimtazama nikaona kinyaa kweli.

"Halikatwi," nikamwambia.

"Lina kazi gani?"

Sijui nilichokuwa nakiwaza. Mwaka uliopita wenzangu wa ofisini walinipeleka Kiritiri kuona mashindano ya magari, yale ya watu wa kawaida. Kiwanja cha vumbi, njia imepangwa kwa matairi ya zamani, unazunguka peke yako na saa inakuhesabu. Niliona mtu anakimbiza kigari ambacho hata mlango wake haukuwa wake. Basi nikasema mbele ya baba mdogo na mama na kila mtu: nitaliingiza mashindanoni.

Ndugu yangu alicheka mpaka akakohoa. Halafu akaona baba mdogo hacheki, akatengeneza uso. Tukakubaliana hapo hapo. Likimaliza mizunguko yake, ni langu na hakuna atakayeligusa. Likishindwa, mtu wa skrepa atalipakia kutoka pale pale kiwanjani. Mama alichukua sahani akaingia jikoni.

Nikachukua likizo, nikarudi nyumbani, nikaanza na kinyesi cha kuku. Nilikikwangua kwa kisu cha meza, tabaka juu ya tabaka, kama ukoko wa ugali. Nyuma ya kiti kulikuwa na kiota cha panya, na ndani yake nilikuta vipande vya Biblia ya baba, kurasa za Zaburi zimetafunwa zikawa pamba. Huko chini ya zulia kulikuwa na kitu ambacho zamani kilikuwa mjusi. Aka! Nilichoma zulia lote, na kwa siku mbili kila nilichokula kilinuka kuku.

Na chakula chenyewe! Tangu nifike, mama alikuwa anatupikia githeri isiyokaangwa. Mahindi na maharagwe yamechemshwa, chumvi, basi. Mboga za maji. Ugali na mboga za maji. Siku ya tatu nikashindwa. "Mama, mafuta yameisha?"

"Yapo."

"Sasa?"

"Yana kazi nyingine. Ngoja siku ya soko."

Nikajua ni ubahili wa uzee. Nilisukuma sahani mbele yake, nikasema hata mbwa wa Embu mjini wanakula kitu kimekaangwa. Alichukua ile sahani, akamwagia kuku, akaniambia nikalale.

Fundi niliyempata hapo Siakago ndiye aliyenimaliza kabisa. Alikuwa anatafuna muguka, yale majani ya kuchangamsha kama miraa, tangu asubuhi, shavu limevimba kama mtu aliyeng'olewa jino, na kila baada ya dakika anatema. Ptuu! Mate ya kijani, kando ya gurudumu, karibu na mguu wangu. Halafu anajipangusa mdomo kwa kitambaa kile kile anachofutia injini. Niligusa chini ya usukani nikakuta pipi ya mpira ameibandika hapo, mbichi bado, eti anaiwekea jioni.

"Toa hiyo takataka!"

"Madam, usiskie vibaya. Hiyo haina shida na gari."

Kazi ilikuwa nyingi na sheria za mashindano zilikuwa wazi. Kila kitu kinachoweza kuruka lazima kitoke au kifungwe. Pedali ya mafuta ukiiachilia irudi yenyewe. Mikanda ishike. Nyuma ya viti pawe na chuma cha kukinga kichwa gari likipinduka, na breki zishike magurudumu yote. Nilimwambia afunge betri imara. Aliifunga kwa blada, ule mpira wa tyubu tunaofungia kuku kwenye baiskeli. Nilimtukana kwa Kimbeere, maana Kiswahili hakikutosha. Akatema, akatengeneza chuma cha kuishika, akakikaza kwa boliti nne. Ijumaa akatia pedi mpya za breki, akazisugua diski, zile sahani za chuma zilizo ndani ya magurudumu, mpaka zikang'aa kwenye matundu ya rimu. Tulilijaribu barabarani. Likasimama papo hapo, kama limegonga ukuta.

"Si nilikuambia, madam?" Akacheka na meno ya kijani. Nikageuza uso.

Jumamosi asubuhi tulilisukuma kwenye lori la kubeba mchanga, tukaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, tukashuka Kiritiri. Na nani alikuwa ameshafika? Ndugu yangu, na suti, mbele ya lori kubwa lenye winchi, pamoja na mtu wa skrepa. Walikuwa wanakula ndizi. Jamani, binadamu! Hata gari halijawashwa, yeye amekuja na jeneza.

Mkaguzi alikuwa mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akatikisa betri, akavuta mikanda, akabonyeza pedali ya mafuta, akaniambia, "Sawa mama, sasa enda mpaka pale, simama kwa ghafla." Nikaenda. Nikakanyaga breki. Gari likateleza tu kana kwamba sijagusa kitu, likavuta kushoto, likaingia kwenye rundo la matairi. Kiwanja kizima kiligeuka.

Mkaguzi akaja, akapiga magoti, akatia kidole kwenye diski, akanusa. Akanusa tena. "Mama," akasema, "hii ni mafuta ya kupikia."

Kicheko kilichopasuka hapo bado nakisikia. Mtu mmoja akauliza kama nimekuja kukaanga mandazi. Zilikuwa zimelowa, diski zote nne na pedi zake, na mafuta yenyewe yakaniganda vidoleni. Nilimgeukia fundi nikiwa tayari kumnyonga, lakini yeye alikuwa amepigwa na butwaa kuliko mimi. Hapo nikakumbuka. Yana kazi nyingine.

Nilimpigia mama simu nimesimama katikati ya watu.

"Mama, umemwaga nini kwa gari?"

"Mafuta. Yaliombewa kanisani Jumapili. Nilipaka asubuhi ukioga, pale panapong'aa."

"Pale panapong'aa ni breki! Breki, mama! Ungeniua! Unajua watu wananicheka? Unanitia aibu na huo ushamba wako!" Nilisema ushamba. Nilisema na mengine, kwa sauti, na ndugu yangu anasikia huku anamaliza ndizi yake.

"Pole," mama akasema, na simu ikakatika.

Mkaguzi alituambia tukiweza kurekebisha kabla magari ya kundi letu hayajaisha, ataangalia tena. Mtu wa skrepa alikuwa ameanza kufungua mnyororo. Mimi nilikaa chini kwenye vumbi. Pedi zikishanyonya mafuta zimekwisha, hilo hata mimi nilijua, na Kiritiri nzima usingepata pedi za gari kama lile.

Fundi akatema. Akatazama huku na huku, akamwona mama mmoja anayechoma mahindi kando ya uzio. Akafungua magurudumu manne upesi kuliko nilivyowahi kumwona akifanya lolote, akatoa pedi, akaenda akaongea na yule mama, na mahindi yakasogezwa pembeni. Pedi nane zikapangwa juu ya makaa. Zikaanza kutoa moshi, mafuta yanatokota na kuungua, harufu ya mpira na chapati kwa pamoja. Nilisikia kichefuchefu kingine, lakini safari hii nilikimeza. Mimi nikapewa kazi ya kusugua diski kwa sabuni ya unga na maji ya jerikeni, chuma hadi chuma, magoti kwenye vumbi. Pedi zilipopoa akazipiga msasa, akazirudisha.

"Jaribu," akaniambia. "Kanyaga pole mara ya kwanza."

Mkaguzi akaniamuru nisimame kwa ghafla. Likasimama. Lilipiga kelele ya chuma, lakini lilisimama papo hapo. Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Sikumkumbatia yule fundi kwa sababu ya mate, lakini nilimshika mkono wenye kitambaa chake, na hiyo kwangu ni kitu kikubwa.

Nilizunguka mizunguko mitatu. Sitakudanganya, nilikuwa wa mwisho. Vumbi lilinijaa mdomoni, kwenye kona ya tatu mkia ulinitupa nje nikang'oa matairi mawili ya mpaka, na mtu alipiga kelele, "Mandazi! Mandazi!" mpaka watu wote wakaitikia. Lakini nilivuka mstari na gari likiwa zima. Mtu wa skrepa alikunja mnyororo wake. Ndugu yangu alinipa mkono kama aliyemeza mwarobaini, akasema, "Unaona, Mungu akiombwa." Nkt. Nikaenda kulisukuma gari kwenye lori.

Nilifika nyumbani jua likiwa bado juu. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya jikoni, anachambua kunde. Hakuniangalia mimi. Aliangalia nyuma yangu, kwenye lori.

"Limerudi?"

"Limerudi."

"Basi." Akaendelea kuchambua. Halafu akasema, taratibu, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyonichoma, "Sikujua ni mahali pa breki. Hata baba yako nilikuwa nampakia hapo. Kila Jumapili kabla sijaondoka kwenda kanisani. Miaka yote hiyo. Na hakuna siku alishindwa kurudi."

Nilisimama hapo na helmeti mkononi. Niliona ndoo. Niliona sabuni, na brashi, na mgongo wa baba umeinama kwenye kalvati, mahali nyumba haionekani. Wewe kaa. Alijua. Kila Jumapili alijua, na kila Jumapili aliondoa mafuta ya mke wake kimya kimya, akaenda kanisani, akarudi, akamwacha aamini. Mimi ilinichukua asubuhi moja kumwita mshamba mbele ya kiwanja kizima, na kabla ya hapo nilikuwa nimemsukumia sahani ya chakula alichokula mkavu wiki nzima kwa ajili yangu. Kinyaa chote nilichokuwa nacho, cha kuku, cha fundi, cha ndugu yangu, kilinirudia mwenyewe.

"Mama, nisamehe," nikasema.

"Nenda ukaoge," akasema. "Unanuka."

Mashindano mengine yalikuja baada ya miezi miwili. Alfajiri nilimwona kupitia dirisha la jikoni, ameinama kando ya gurudumu na chupa yake, midomo inacheza. Nilingoja amalize. Nikanywa chai yake, nikamuaga, nikapita lango polepole sana, gia ya kwanza, bila kukanyaga breki. Dereva wa lori nilikuwa nimemwambia anisubiri kwenye kalvati. Fundi alikuwepo, shavu limevimba, na alipoona natoa ndoo, sabuni na brashi, akauliza, "Madam, si yatachafuka tena?"

"Wewe kaa," nikamwambia.