Maziwa Yalibebwa, Mimi Nilitembea

Sisi tuliokulia Kabazi enzi zile baiskeli ililala sebuleni na watoto wakalala jikoni, tunajuana. Baba akirudi jioni aliifuta kwanza kwa kitambaa, akaiegemeza ukutani kando ya redio, ndipo akauliza kama tumekula. Ilikuwa ile nyeusi, nzito, tuliyoiita blakmamba, yenye breki za vyuma na kiti cha ngozi kilicholia kila mtu alipokikalia. Kuigusa bila ruhusa lilikuwa kosa la kuchapwa, na sote tuliigusa.

Hakuna kitu cha baiskeli kilichotupwa. Tyubu ikichoka ilikatwakatwa. Vipande vipana vilikuwa kamba za kufungia mkebe wa maziwa, vyembamba tuliviunganisha tukaviruka, mchezo tuliouita blada, mpaka vumbi likafunika ua mzima, na wavulana walijitengenezea feya, yaani manati, za kulenga ndege kwenye mahindi. Rimu kuukuu tuliifukuza kwa kijiti kutoka mtoni hadi dukani na kurudi, mara nyingi tukiwa tumesahau tulitumwa nini. Leo mpwa wangu anaita boda kwenda kununua mkate. Duka analiona kutoka mlangoni kwao, na akirudi anasema amechoka.

Kuendesha tulijifunza kwa njia moja tu, na kila mwenye umri wangu ana kovu la kuthibitisha. Mtoto hakufikia kiti, kwa hiyo ulipitisha mguu wa kulia chini ya ile paipu ya juu, katikati ya fremu, ukakanyaga pedeli ya upande wa pili huku mwili wote ukining'inia kushoto. Tuliteremka vilima hivyo hivyo, tukipiga kelele kuku wapishe. Wavulana walipoongezeka kimo walihamia juu ya paipu, kisha kwenye kiti. Wasichana, ukianza tu kurefuka, mama alikuambia sasa inatosha, wewe si mvulana. Mimi nilishushwa nikiwa na miaka kumi na miwili.

Mwaka nilioingia fomu wani, kaka yangu Samweli aliingia pamoja nami, maana alikuwa amerudia darasa la saba, jambo ambalo hapendi nilitaje. Shule ilikuwa ya kutwa, saa moja na nusu kwa miguu ikiwa una haraka. Baba alimpa Samweli baiskeli, na kwenye keria akafunga mkebe wa maziwa auache kwenye kibanda cha ushirika kilicho njiani, kisha aendelee na masomo. Niliuliza mimi nitakaa wapi. Baba hakuwa mtu mkali. Alinijibu kwa upole kabisa, kama anayemweleza mtoto kwa nini mvua inanyesha.

"Maziwa hayana miguu. Wewe unayo."

Jioni mkebe ulikuwa mtupu, lakini ulibaki pale pale kwenye keria, maana ulihitajika nyumbani.

Basi nikatembea miaka minne. Nisidanganye, kulikuwa na utamu wake. Mama alinipa viazi vitamu viwili vya moto, kimoja kila mfuko wa sweta, nipashe mikono kwanza ndipo nile. Nilijua kila mbwa wa njia ile kwa jina. Lakini umande ulinilowesha soksi hadi magotini, na Samweli alinipita darajani akipiga kengele, na nilipofika somo lilikuwa limeanza. Mwalimu wa zamu alinichapa kwa kuchelewa, Samweli akinitazama dirishani, viatu vyake vikavu. Siku hizi wa rika langu wakikutana kwenye harusi husema ile miguu ndiyo iliyotujenga. Nimechunguza. Wengi wanaosema hivyo walikuwa na baiskeli.

Nimestaafu ualimu na ninaishi peke yangu katika shamba la wazazi. Mwaka huu nikihamisha magunia ya viazi stoo nikaikuta ile baiskeli ya Baba nyuma kabisa, imeliwa na kutu, buibui wamejenga kwenye spoki. Nilimpigia Samweli, anayeishi Nakuru mjini, nikidhani tutacheka pamoja. Kumbe simu yake ilikuwa na spika wazi, na kijana wake akadakia. "Auntie, hiyo baike ni vintage. Tutaipaka white tuitundike kwa ukuta ya hoteli yetu, tuweke maua kwa keria. Wasee watakuwa wanapiga nayo picha."

Nilikataa. Nilisema haitatundikwa popote, nitaitengeneza niiendeshe mwenyewe. Samweli alicheka mpaka akakohoa.

"Tabitha, wewe ni shosho ya watu. Hata hujawahi kukalia hiyo kiti. Mimi nakuja na pikapu Jumamosi ya wiki ijayo. Ukiiendesha kutoka hapo nyumbani mpaka kwa kibanda ya maziwa bila kuanguka, kaa nayo."

"Umesema?"

"Nimesema."

Nilitandika gunia uani nikaifungua yote, nati moja baada ya nyingine. Nati zilizokataa nilizilowesha mafuta ya taa, nikazirudia asubuhi. Goroli zilimwagika, kuku wakadhani ni mahindi, na nilitambaa uani nikizigombania nao. Nilisugua kutu kwa brashi ya waya na msasa hadi kucha zikaisha. Kiti cha ngozi kilikuwa kimekauka na kupasuka pembeni, nikakipaka yale mafuta tunayopaka matiti ya ng'ombe wakati wa kukamua, kila jioni, mpaka kikalainika na kuanza tena kulia kama zamani. Rangi nilinunua nyeusi.

Magurudumu nilimpelekea fundi wa Subukia, mmoja wa wachache waliobaki wanaojua kunyoosha rimu kwa kukaza spoki. Wengine wote wamehamia pikipiki.

"Mathe, hii ilikuwa ya mzee?" akaniuliza, akizungusha na kusikiliza.

"Ni yangu."

"Na nani ataendesha?"

"Aliyeileta."

Aliniongezea spoki mbili za akiba.

Jumatano jioni ilikuwa imekamilika. Nilivaa suruali ya marehemu mume wangu, nikaisukuma hadi kando ya shamba la napia, majani ya ng'ombe, nikashika usukani. Mguu wangu wa kulia ukaenda wenyewe katikati ya fremu. Nilisimama pale nimekwama kati ya vyuma, mwanamke wa zaidi ya miaka sitini, nikaelewa jambo ambalo sikuwa nimelifikiria hata mara moja. Mimi sikujua kupanda baiskeli. Nilijua ile ya chini ya paipu tu. Hiyo nyingine walifundishana wavulana, nami nilikuwa nimeshashushwa.

Nilikasirika kwa namna ambayo sijakasirika tangu nistaafu. Nilishusha kiti hadi mwisho, nikaisogeza kwenye lile jiwe pana tunalowekea mikebe, nikapanda jiwe, kutoka jiwe nikapanda kiti. Nilianguka kwenye napia mara ambazo sitazitaja. Alhamisi goti lilivimba. Ijumaa nilifika langoni na kurudi bila kugusa chini.

Samweli alifika Jumamosi saa nne na pikapu na kamba. Aliitazama baiskeli, akashika kengele, akaipiga mara moja. Kisha akanitazama nilivyopanda jiwe, na ninaamini alitaka kucheka lakini akaona uso wangu. Niliondoka. Kwenye mteremko wa kwanza breki zililia lakini zikashika. Darajani majirani walisimama na majembe mkononi, na bibi mmoja akanyoosha mikono juu kama yuko kanisani. Nilifika kwenye kibanda cha maziwa. Samweli alikuwa nyuma yangu kwenye pikapu, akapiga honi kuniambia basi, imekwisha, ni yako.

Sikusimama. Niliendelea mpaka shuleni.

Lango sasa ni la chuma, na barabara ina lami hadi hapo. Watoto wa siku hizi huletwa na boda wawili wawili, msichana na mvulana kiti kimoja, na hakuna anayeuliza nani apande na nani atembee. Huwa nawacheka kwa uvivu wao. Siku hiyo niliwaonea wivu, na sioni aibu kusema hivyo. Nilitazama saa yangu mara mbili, maana mara ya kwanza sikuamini. Nilikuwa nimetumia dakika ishirini na tano. Nilishika usukani kwa mikono miwili nikalia.

Samweli aliteremka, akafungua mlango wa nyuma wa pikapu, akasema tuipakie, kurudi ni mlima mtupu. Halafu akatazama lango, akatazama njia tuliyotoka.

"Kumbe ni karibu hivi," akasema.

"Kwako ilikuwa karibu siku zote," nikamwambia.

Nilipanda ukingo wa mtaro, nikakaa kwenye kiti, nikaanza kurudi nyumbani.