Begi la Kwendea Mawinguni

Mimi mawingu nimeyakanyaga. Sisemi kwa kujisifu, ndiyo kazi niliyoifanya ujanani, kupandisha mizigo ya wageni Mlima Kilimanjaro. Wageni wanalala kwenye mahema juu kabisa ya mawingu, asubuhi wanatoka na vikombe vyao vya chai, wanapiga picha, wengine wanatokwa na machozi. Sisi wapagazi, ambao wenyewe kwa wenyewe tuliitana wagumu, saa hiyo tunang'oa mahema na kukunja magodoro, maana lazima tufike kambi ya mbele kabla yao. Ukiwa na mzigo shingoni unatazama kisigino cha aliyekutangulia, basi. Nilishuka mlima ule kwa mara ya mwisho bila kukumbuka wingu hata moja.

Kwa hiyo siku mke wangu aliporudi kazini, akautupa mkoba kwenye kochi, akasema anataka twende Vietnam kuangalia mawingu ya milimani, nilicheka. Nilicheka vibaya, kicheko cha mtu aliyechoka.

"Mawingu? Si hayo hapo nje? Sydney nzima leo imefunikwa."

"Hayo ni ya kunikatalia nguo zisikauke," akasema. "Mimi nataka yale ambayo mtu unasimama juu yake."

Mke wangu anahudumia wazee, kwenye nyumba ya kulelea wazee kule Parramatta. Mwenzake wa zamu, mama wa Kivietnam, alikuwa amemwonyesha picha za milima ya kaskazini ya kwao, mabonde yamejaa mawingu pomoni, vilele vinachungulia tu. Watu wanakwenda kule kwa miguu, begi mgongoni, wanalala kwenye nyumba za wenyeji, na alfajiri wanaamka kuyavizia. Mpwa wa yule mama, binti mdogo tu, ndiyo kazi yake kuwaongoza wageni huko.

Nikamuuliza mke wangu kwa nini tusiende mahali pa kulala. Nilimaanisha kulala kweli, hoteli ya ufukweni, mtu unaamka unakula unarudi kulala. Sisi tumechoka, jamani. Kuna uchovu wa kuisha ukinyoosha miguu, na kuna huu wetu ambao hata Jumapili unakwenda nao kanisani unarudi nao.

Mke wangu ni Mrundi, amekulia kambi ya wakimbizi kule Kigoma. Alivuka mpaka kwa miguu akiwa mtoto, sufuria kichwani, mdogo wake mgongoni, na habari za safari ile hazisemi ovyo.

"Mimi nimetembea safari ndefu mara moja tu," akasema. "Nilitembea nikikimbia. Nataka mara moja nitembee sikimbii. Hiyo ndiyo vakansi yangu mimi, likizo yangu."

Nikamwambia haya, twende. Ungesema nini?

Tukaanza kupanga. Jumapili baada ya ibada tunakaa mezani, simu katikati, tunamsikiliza yule binti wa Vietnam kwa ujumbe wa sauti, Kiingereza chake chepesi na cha polepole. Twende miezi ya baridi ya kwao, ambayo kwetu huku ni joto. Viatu viwe tumeshavizoea. Tutatembea siku kadhaa, kijiji hadi kijiji. Na mawingu, akasema, hakuna wa kuwaahidi. Kuna wageni wamekuja mara mbili wakaishia kuona ukungu na mvua. Mke wangu aliposikia hivyo alitabasamu, akasema ni sawa, hata yasipotokea atakuwa ameyangoja.

Kanisani habari zilitangulia kufika kuliko sisi. Watu wetu hapa wanapanda ndege kwa msiba au kwa harusi. Mama mmoja alinishika mkono mlangoni, uso umemsawijika.

"Nasikia mnasafiri. Nani amefariki?"

"Hajafariki mtu. Tunakwenda kutembea."

"Kwa nani?"

"Kwa mawingu," nikasema, na pole zake akabaki nazo mkononi. Sijui alifikiri nimerukwa na akili. Wiki ile nilipigiwa simu na watu wawili wakitaka kujua kama ndani kwetu kuna amani.

Amani ilikuwapo, mpaka lilipokuja suala la begi.

Hapa niuseme mgongo wangu. Ninafanya kazi ghalani Wetherill Park, na mwaka jana nilinyanyua boksi, wala halikuwa zito kushinda mengine, nikasikia kitu kiunoni kimejibu. Tangu hapo wameniweka kwenye stuli ndefu, nasoma lebo za mizigo inayobebwa na wengine. Fizio, yaani mtaalamu wa kunyoosha viungo, kijana mpole mwenye mikono baridi, ameniambia nisibebe kitu kinachozidi mfuko mmoja wa mboga za sokoni. Mimi! Mimi niliyebeba choo! Wala si kichekesho, wageni wakubwa wana choo chao cha plastiki, kinapandishwa mlimani kichwani kwa mtu, na mtu huyo misimu miwili nilikuwa mimi. Wenzangu waliniita mheshimiwa.

Yule binti alipoambiwa habari ya mgongo hakuona tatizo. Kuna mpagazi, akasema, watu wa vijijini wanabeba, ni kawaida, wageni wengi wanafanya hivyo.

"Simpi mtu mzigo wangu," nikasema.

"Basi beba," mke wangu akajibu.

"Nitabeba."

"Na mgongo?"

"Mgongo ni wangu."

"Ni wako ukiwa mzima," akasema. "Ukiuma unakuwa wangu." Akaenda kuosha vyombo, na vyombo vyenyewe siku ile vilioshwa kwa kelele.

Nilitaka kumwonyesha. Binti yetu, ambaye anasoma chuo mji mwingine na siku hizi ukimsalimu kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza, aliacha begi lake kubwa chumbani. Siku yangu ya mapumziko nikalijaza mchele na unga, nikakaza mikanda, nikapanda treni hadi Parramatta. Mpango wangu ulikuwa nipande na kushuka ngazi za stesheni mpaka mwili ukumbuke, halafu nimpitie mke wangu kazini, anikute nimesimama wima na begi mgongoni kama bwana harusi.

Kupanda mara ya kwanza, safi. Nikavimba kichwa. Mara ya pili, jasho kidogo. Mara ya tatu nikiwa katikati, mgongo ukanishika. Si maumivu ya kupiga kelele, ni yale yanayokuzima pumzi. Nikakaa pale pale kwenye ngazi, begi bado limenikumbatia, na watu wa maofisini na suti zao wakanipita kulia na kushoto. Mama mmoja wa Kizungu aliinama akaniuliza kama ni mzima. Nikamwambia napumzika. Lifti ilikuwa pale chini, milango yake inafunguka na kujifunga, inafunguka na kujifunga.

Nilimpigia mke wangu. Alikuja na sare ya kazi, glavu zimechomoza mfukoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hakutukana, na hapo ndipo nilipoogopa. Alinivua begi, akalitia begani kwake upande mmoja, mkono wa pili akanipitisha kwapani, ule ustadi anaowafanyia wazee wake.

"Haya. Moja, mbili, simama."

Kwa sauti ile ile ya wazee. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kwenye treni alilipakata begi mapajani, akalala mdomo wazi hadi kituo chetu, na mimi nikakaa kando yake nimenyooka kama nimemeza fimbo. Mchele wenyewe tuliula wiki nzima, na hakuna aliyeusifu.

Baada ya hapo mtu mwenye busara angekubali. Mimi nilisema basi tuahirishe, twende mgongo ukipona. Mke wangu alinitazama, akasema mgongo wangu na mawingu vyote havina wa kuviahidi.

Siku chache mbele ikaingia picha kwenye simu. Yule binti wa Vietnam, kwa nia njema kabisa, alikuwa ametutumia picha ya atakayenibebea begi. Mwanamke. Mwanamke wa makamo, mfupi, kikapu mgongoni, anacheka jua likimpiga usoni.

Weee! Nilipandwa na hasira.

"Mwanamke! Mimi nimbebeshe mwanamke wa watu begi langu la nguo, nimfuate nyuma mikono mitupu! Kwetu nitasema nini? Wagumu wenzangu wakisikia?"

"Wagumu wenzako wako Moshi," mke wangu akasema. "Nani atawaambia?"

"Mimi najua ule mzigo unavyouma. Hao wageni hawajui, mimi najua. Siwezi kumfanyia mtu nilichofanyiwa."

Alikuwa ndiyo kwanza ametoka zamu, koti bado mwilini. Alivuta kiti, akakaa.

"Sikiliza. Likizo nimeshaomba, nimepewa. Mimi nitakwenda. Na wewe, au bila wewe. Sikutishi, nakuambia tu ili usije ukasema hukuambiwa."

Hakuwa anatania. Mke wangu hana mikwara. Nikamwona kabisa, yuko juu ya mlima fulani mimi siujui, asubuhi na baridi yake, anatazama peke yake. Angerudi, najua angerudi. Lakini angerudi akijua kwamba anaweza kufika mahali pazuri bila mimi. Niliingiwa na woga ambao sikuwahi kuupata hata kule kwenye miamba, kwenye baridi ya kukata masikio.

Nadhani aliuona. Akanilegezea sauti.

"Hebu niambie. Kule mlimani kwenu, hakuwahi kuja mgeni akakataa kubebewa?"

"Alikuja mmoja."

"Ehe."

Ilibidi nimsimulie. Kijana, mwema kweli kweli, macho ya huruma. Kwenye geti la mlima tulikuwa tumelala nje na mvua yetu, tunangoja kuchaguliwa, maana wagumu ni wengi kuliko mizigo. Nikachaguliwa. Nilifurahi kama mtoto. Begi lilipoletwa kwenye mizani yule kijana akalikamata, akasema hapana, hawezi kumtesa binadamu mwenzake, atabeba mwenyewe. Kiongozi akahesabu watu upya, akakuta mmoja amezidi. Aliyezidi ni mimi. Kijana akanipa mkono, anatabasamu, ananitazama usoni akingoja shukrani. Nikarudi nyumbani kwa miguu, tumbo tupu, na njia nzima nilikuwa namlaani.

"Ulimlaani," mke wangu akasema.

"Vibaya sana."

Aliinuka, akavua koti, akaenda kuoga. Nikabaki na ile picha kwenye simu. Nilimtazama yule mama vizuri safari hii, kile kicheko chake. Nikajiuliza anangoja wapi siku ambazo wageni hawaji, na kama kwake wamesikia kuna mgeni kutoka Australia mwenye mgongo mbovu, na kama wamefurahi. Sisi nyumbani kwetu tungefurahi. Mama yangu angebandika maharage.

Nikaandika. Vidole vilikuwa vizito, lakini nikaandika kwamba nimekubali, mama huyu abebe, na ahsante. Nikakaa nikiisikiliza mvua. Kusema kweli nilijiona mtu. Nilijiona nimepigana na kiburi changu nikakiangusha chini, na nilitaka mtu aje aone.

Mke wangu alitoka kuoga akajitupa kwenye kochi, miguu kwenye kigoda, macho kayafumba. Visigino vyake vilikuwa vimevimba.

"Nimemwandikia," nikasema. "Yule mama atabeba."

"Vizuri."

Nikangoja. Nilikuwa nangoja anisifu, mjinga mimi.

"Na langu?" akasema.

"Lako nini?"

"Begi langu. Nani anabeba?"

Wiki zote zile tumebishana, tumenuniana, nimetia unga begini na kwenda kuumbuka mbele ya watu stesheni, na muda wote ule begi tulilokuwa tukiligombania lilikuwa langu. La kwake sikuwahi kuliuliza. Kichwani mwangu lilikuwa tayari liko mgongoni kwake, tena nilishapanga kwamba maji ya njiani na dawa zangu vitaingia humo, kwa kuwa lina nafasi.

Hakufungua macho, wala hakukasirika. Angekasirika ningepata nafuu. Alikuwa anauliza tu, kama mtu anayetaka kujua mapema ajiandae.

Nikachukua simu, nikamwandikia yule binti tena. Tafadhali wapagazi wawe wawili, nikamwambia, na huyo wa kwanza ambebee mke wangu.