Mama wa Simanjiro Aliyetungwa Singe

Kandida alitoka kwake Singe asubuhi akiwa na haraka ya mtu anayekwenda kupokea mgeni, karatasi zake nne zimekunjwa ndani ya kitenge. Jumamosi alitakiwa kusoma hadithi yake kwenye redio ya mjini. Yeye, mkulima wa mbaazi aliyeishia darasa la saba. Tangu aambiwe, usingizi ulikuwa wa kubahatisha, na kila alipokumbuka alijikuta anatabasamu peke yake jikoni.

Furaha hiyo ilikuwa na mwiba. Theophil, kijana mtangazaji, alikuwa ameipenda hadithi lakini hakumpenda mama aliyekuwa ndani yake. Hadithi ilimhusu mama wa Kimasai wa Simanjiro, anayemsubiri mwanawe aliyehamisha ng'ombe wakati wa ukame. Theophil alimwambia kwa adabu kwamba mtu aandike aliyoyaishi. Vicent, mwana wa Kandida mwenyewe, anaendesha bodaboda. Kwa nini asiandike juu ya mama wa dereva wa bodaboda? "Mama yangu, wewe ni Mwiraqw wa Mbulu. Umasai umeujulia wapi? Watu watatucheka."

Kandida aliogopa kuchekwa kuliko alivyoogopa nyoka. Hata hivyo, kila alipojaribu kumgeuza yule mama awe wa Singe, hadithi ilimfia mkononi. Ndipo akaamua kuipeleka kwa Soipei, ambaye huuza dawa za miti sokoni Babati na ambaye kwao hasa ni Simanjiro. Soipei akisema ni uongo, ataichana.

Walisalimiana, wakaulizana habari za watoto, kisha Kandida akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kuanza kusoma. Hakufika mbali. Alipofika mahali ambapo mama anaosha kibuyu cha maziwa kwa maji na mchanga na kukianika juani, kama walivyokuwa wakifanya nyumbani kwao Kandida, Soipei alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mama Vicent, unataka kumuua mtoto wa huyo mama kwa kuhara? Kibuyu tunakisugua ndani kwa kijinga cha moto. Moshi ndio unaotunza maziwa."

Kandida alianza kukunja karatasi, akiona Theophil alikuwa na haki, lakini Soipei alimzuia mkono na kumwambia asome, hajamaliza.

Akasoma. Ng'ombe wameondoka, jua linazama, kijana hajarudi. Mama hamwambii mtu kwamba ana hofu. Anasema anakwenda kuwahesabu ndama, akawahesabu, akarudi, akaenda tena kuwahesabu wale wale ambao hawakuwa wametoka zizini.

Soipei hakucheka. Alishika fungu la magome mikononi bila kulifunga.

"Nani alikuambia habari za ndama?"

"Hakuna aliyeniambia, Mama Parkesian."

"Mwaka ule mwanangu Parkesian alipopeleka ng'ombe Kiteto, nilifanya hivyo. Hata mume wangu hakujua. Umesikia kwa nani?"

Kandida alieleza, maneno yakigongana. Vicent akichelewa na pikipiki yake, yeye hufagia uwanja aliokwisha kuufagia, ili majirani wasimwone amesimama tu akiangalia barabara. Alipokuwa anaandika alijiuliza: huyu mwenye zizi atajificha nyuma ya kazi gani? Ndama wakaja wenyewe.

"Basi ni kweli," Soipei alisema. "Rudia hapo pa ndama."

Kandida alirudia, na mteja mmoja aliyekuwa akichagua magome akaacha kuchagua akasikiliza. Alichukua simu palepale, kabla woga haujarudi, akampigia Theophil.

"Simbadilishi huyo mama," alimwambia. "Nimebadilisha kibuyu tu. Nimemsomea mwenyewe wa Simanjiro, yuko hapa, ukitaka muulize."

Theophil aliuliza kweli. Soipei aliishika simu, akamjibu kwa kifupi kwamba huyo mama anamfahamu, kisha akataka kujua Jumamosi ni saa ngapi. Alipojibiwa, alimrudishia Kandida simu yake, akashika ya kwake iliyoning'inia shingoni, akaanza kumpigia dada yake kule nyumbani Simanjiro ili awaambie wanawake wakae karibu na redio.