Nilinawa Maji ya Meza Nzima

Nilimfungia banda mama aliyenilisha, ndugu zangu, tena ladha ya mboga yake ikiwa bado mdomoni mwangu. Hakuna aliyenituma. Ni mimi na kiburi changu tu.

Nimekaa na jambo hili tangu ujana hadi nimeota mvi. Leo nalimwaga, maana nawaona vijana wakihamishiwa miji migeni, siku ya kwanza tu wanasimama katikati ya soko wamekunja pua: "Huku hakuna chakula." Nawajua hao. Nilikuwa mmoja wao, na mbaya kuliko wote!

Nilipelekwa Newala kuwa bwana afya. Ilikuwa miaka ile vita vya Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, vikiwa bado vinaunguruma, na kila mkutano ulikuwa wa vijiji vya ujamaa. Kwetu ni Kilimanjaro, mlimani, ambako mfereji unapita nyuma ya kila nyumba. Nilikuja na soksi ndefu nyeupe, kalamu mbili mfukoni, na mdomo mrefu kuliko kalamu zote mbili.

Ngoja nikueleze taratibu, maana asiyeijua Newala hatanielewa. Mji uko juu, ukingoni mwa uwanda. Mto uko chini kabisa bondeni, unauona mwembamba kama uzi. Bomba lilikuwapo, lakini kiangazi lilikuwa likikohoa upepo tu. Basi wanawake waliteremka hadi kwenye chemchemi, wakapanda mlima na madebe kichwani. Maji yakishafika juu, hakuna tone linalochezewa.

Mimi sikuuliza maji yanatoka wapi. Niliuliza hoteli iko wapi!

Wakanionyesha banda la Mama Somoe, nyuma ya soko. Paa la nyasi, mabenchi mawili, moshi. Nikaingia bila hata shikamoo kwa mtu mzima yule. Nikakaa kama mkaguzi.

Akaniletea ugali wa muhogo laini, mweupe, na kisamvu alichokipika na korosho zilizotwangwa. Ee Mungu wangu! Sijala tena kitu kama kile. Ile mboga ilikuwa nzito, tamu, ina harufu ya moshi kwa mbali.

Lakini kabla sijala, niliona mbele yangu chungu kidogo chenye maji. Nikajua ni ya kunawa. Nikatumbukiza mikono yote miwili, nikasugua kucha, nikanawa hadi viwikoni. Nikamaliza, nikayamwaga nje mavumbini. Pwaa!

Banda zima likanigeukia.

Yalikuwa maji ya kunywa ya meza nzima. Ya kunawa Mama Somoe mwenyewe huwa anakumiminia kwa kata, kidogo kidogo, juu ya karai, na yale ya kwenye karai yanakwenda kumwagilia miche yake ya mikorosho.

Fundi Nalinga, mshona viatu wa pale sokoni, alikuwa ametafuna pilipili. Akanitazama huku machozi yanamtoka. "Bwana mkubwa, mimi sasa nitateremshia nini? Mavumbi?"

Watu wakaanza kucheka. Mama Somoe akanitetea, na ndiyo maneno yaliyonichoma: "Mwacheni mgeni wa watu. Kwao maji hutembea yenyewe hadi mlangoni."

Weee! Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika hadi kijiji cha Chilangala.

Sasa mtu mwenye akili angefanya nini? Angecheka! Angesema, "Ni kweli mama, hutembea, nisameheni." Wangempa jina la utani, wangemwongezea kisamvu, na angekula pale hadi siku ya uhamisho. Kumbe mjini pageni hakuna njia rahisi ya kupata chakula kizuri kuliko kukubali kuchekwa. Nakwambia hivi kwa upendo kabisa, wewe kijana unayenisoma.

Mimi nilifanya nini? Nilikula sahani nzima, nikalamba vidole, nikalipa, nikatoka nimenuna. Wiki ileile nikatoa amri: kila anayeuza chakula awe na pipa la maji ya kunawia mlangoni, limejaa, wakati wote. Asiye nalo afunge.

Amri safi, sivyo? Hata leo ukiisoma utasema huyu alikuwa kijana wa maendeleo. Upuuzi mtupu! Nilikuwa nimechekwa, basi. Kila kitu kingine ni soksi nyeupe.

Mama Somoe alinipokea vizuri siku nilipokwenda na kufuli. "Mwanangu, pipa nitalijaza kwa kichwa cha nani? Wanaoniletea maji ni wale dada wawili waliovuka mto kukimbia mabomu. Nawalisha hapa na watoto wao. Nikiwaambia wajaze pipa la kuchezea mikono, shingo zitabaki?"

"Sheria ni sheria, mama."

Nilisema hivyo! Kwa mdomo huuhuu uliolamba kisamvu chake. Nikafunga.

Nikahamia hotelini kwa Baba Rashidi, mfanyabiashara aliyetoka kaskazini kama mimi. Yeye alikuwa na lori la kufuata maji, na pipa lake lilifurika mlangoni. Tulinawa kama madaktari wa upasuaji! Chakula chenyewe sasa. Wali una mawe. Mchuzi mwepesi, unaona ua lililochorwa chini ya sahani. Nyama imepashwa moto mara nyingi hadi imesahau ilikuwa mnyama gani. Na sisi watumishi wa kuja tumejipanga pale, tunachokonoa meno na kusema, "Watu wa huku hawajui kula." Wajinga wakubwa! Mikono yetu ndiyo ilikuwa misafi kuliko yote Newala, na matumbo yetu ndiyo yaliyokesha chooni. Bwana afya mzima nilikuwa nimekonda kama fito.

Kisha lori la Baba Rashidi likachukuliwa na serikali kuhamisha watu na mizigo yao kwenda kijiji kipya. Pipa likakauka. Kwa amri yangu mwenyewe, naye akafunga.

Hapo ndipo nilipoijua Newala. Chumbani sikuwa na jiko wala mke. Nikaanza kupita majumbani niuziwe chakula. Nilifika kwa Fundi Nalinga, ming'oko imetoka jikoni, vile viazi vya porini, vinafuka moshi kwenye ungo. Harufu yake, jamani!

"Karibu sana Bwana Afya, karibu kiti," akaniambia. "Tungekupa, lakini tazama pipa letu."

"Pipa lipi?"

"Hilo ambalo hatuna. Tusije tukakuvunjia sheria."

Akatafuna mng'oko mmoja taratibu huku ananitazama. Mkewe aliingia ndani kucheka.

Kila nyumba maneno yaleyale, kwa adabu ileile. Karibu, kaa, pole na kazi, pipa hatuna. Hakuna aliyenitukana hata mara moja. Siku moja wanafunzi walinikuta nimechutama chini ya mkorosho, nafyonza mabibo, maji yake yanachuruzika viwikoni na kuiharibu soksi nyeupe. Doa la bibo halitoki, ndugu yangu. Lile nilihama nalo.

Ndipo nikaenda kwa Mama Somoe. Wale dada wawili walikuwa wameketi kizingitini pake, mikono mitupu. Tangu banda lifungwe, walikuwa wakizunguka nyumba kwa nyumba wakiomba vibarua, na watoto wao wamepauka midomo. Nilishindwa kuwatazama.

"Shikamoo, Mama Somoe."

"Marahaba. Leo umeijua salamu?"

"Amri nimeifuta, mama. Naomba ufungue."

Akanitazama. "Kufunga ulikuja na kufuli. Kufungua umekuja na nini?"

Nikaelewa. Nikaazima debe, nikateremka. Kushuka ni mchezo. Kupanda, jua la utosi, debe linakata bega, maji yanarukaruka kila hatua! Wanawake walinipita na madebe yamejaa pomoni, hawashiki hata kwa mkono, wanaimbiana: "Njooni muone, maji yanatembea! Yamevaa soksi!"

Nilipofika juu lilikuwa limebaki nusu. Fundi Nalinga na nusu ya soko walikuwa wamekusanyika. Nikaliweka miguuni pa Mama Somoe kama mtu anayepeleka mahari. Nikajua sasa moto utawashwa.

Akaleta karai. Akachukua kata.

"Nyoosha mikono, Bwana Afya. Unawe."

Akanimiminia. Kata moja. Nyingine. "Na kucha." Nyingine. "Na viwiko, kama siku ile." Nikaanza kumwomba: "Basi mama, yanatosha, basi!" Kila kata niliiona inaondoka na hatua zangu za mlimani. Hakuacha mpaka debe likalia tupu.

"Haya, umetakata," akasema. "Maji ya kupikia hakuna."

Akainua karai, akaenda kumwagilia mikorosho yake. Hakuna aliyecheka safari hii.

Banda halikufunguliwa tena. Yeye na wale dada walipelekwa kijiji kipya, nami nikahamishwa na doa langu. Nimekula miji mingi tangu hapo. Naulizwa mara kwa mara, "Mzee, wewe umezunguka, wapi ulikula vizuri?" Nasema Newala, mara moja.

Kijana wangu, ukifika mji mgeni usiutafute ubao wa hoteli wenye picha ya birika. Salimia kwanza. Uliza maji yao yanatoka wapi, na nani anayabeba. Ukikosea wakakucheka, cheka nao, kisha ule. Mimi nilikataa kuchekwa mchana mmoja, na hadi leo nina njaa ya kisamvu kile.