Visima vya Mchangani

Nilizaliwa kwenye ukanda wa mchanga, mbele bahari, nyuma hori lenye mikoko. Ulikuwa mwembamba hata mtu angesimama mlangoni akasikia maji pande zote mbili. Watu wa kwa mama walichemsha chumvi pale tangu enzi za babu zao. Maji matamu waliyachimba mchangani kwa kina cha mkono tu. Ukizidisha, chumvi inapanda.

Baba alikuwa Mmakonde wa Newala. Nilipoanza kutembea alituhamishia kwao. Bibi, mama yake mama, alibaki.

Vita vya Maji Maji vilitukuta Newala. Baba alinyweshwa ile dawa ya kuzuia risasi pamoja na wenzake, akaondoka, hatukumwona tena. Kisha askari wa Wadachi, wale Wajerumani, wakapita wakichoma maghala. Tulikula ming'oko tuliyoichimba porini, nayo ikaadimika. Maji mama aliyafuata bondeni, akitoka alfajiri na kurudi jua la utosi. Siku moja alianguka kwenye mteremko, mtungi ukavunjika. Alikaa palepale akalia mpaka nikaogopa.

"Twende kwa bibi yako," alisema baadaye. "Pwani mtu hakosi chaza."

Tulitembea siku nyingi, mdogo wangu wa kiume akiwa mgongoni kwa mama. Tulipokaribia pwani aliacha kulia. Nilishukuru kwamba amelala. Mama alikwishajua, lakini hakumshusha.

Bibi alitupokea kando ya hori.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nipe huyo mjukuu nimwone."

Mama aligeuka ili amtoe mgongoni. Bibi alifungua nguo, akamshika mtoto, akamfunika uso. Tulimzika ng'ambo, bara, kwa sababu mchangani bahari hufukua.

Nyumba nilizoambiwa zilijaa ule ukanda zilikuwa zimebaki nne, na ndani yake wanawake tu. Wanaume walikuwa wamekamatwa kwenda kulima pamba ya Wadachi. Wao ndio waliokuwa wakipigilia vigingi vya mikoko kila mwaka ili mchanga usiondoke. Walipokosekana, mawimbi yalipasua ukanda katikati na chumvi ikaingia visimani.

Mama hakukubali. Alichimba siku nzima, akionja na kutema, akihamia mahali pengine.

"Hapa palikuwa na kisima cha baba," alisema.

"Palikuwa," bibi akajibu.

Chaza tuliwapata kweli, lakini kiu haituliziki kwa chaza. Tulivuka hori maji yakipwa, tukateka bara, tukarudi mbio kabla hayajajaa. Mama alimsihi bibi tuhame.

"Wanaume wakirudi watatutafuta wapi?" bibi aliuliza. Mama akaacha kumsihi, maana naye alikuwa na mume asiyerudi.

Asubuhi moja bahari iliingia ndani, ikazima moto jikoni na kubeba mikeka. Bibi alisimama akiitazama mpaka ilipotoka. Akachukua chungu chake cha kuchemshia chumvi, akatangulia kuvuka, bila kuitwa na mtu.

Tulikwenda Masasi, tukapewa shamba na Wayao wasiotujua. Wanaume hawakurudi. Bibi aliishi misimu miwili, akimwuliza kila mtu aliyetoka pwani kama ukanda bado upo, na mama alikuwa akiwahi kuwapokea wageni hao njiani kabla hawajamfikia, akiwaomba waseme upo.