Majina Aliyoyaita Baba Mdogo Ramadhani

Harufu ya ndagala wanaokaangwa hunirudisha mtaani kwetu Cibitoke, kwenye chumba cha video chenye mabenchi yaliyolegea. Mama aliuza samaki hao mlangoni, na ndani baba mdogo Ramadhani alifasiri filamu. Alikuwa amerudi kutoka vitani peke yake. Yeye na baba yangu, Hamisi, walikuwa kikosi kimoja, lakini kila mama alipomuuliza, alijibu kwamba walipotezana, kisha akafanya kichekesho. Basi mama aliendelea kumfunikia baba sahani yake kila jioni, na mimi niliendelea kuikodolea macho kwa njaa isiyo na adabu.

Wateja walipenda zaidi kanda za wachekeshaji wa Uingereza. Baba mdogo alisikia redioni kwamba wengi wao walikuwa askari kabla ya kuwa mashuhuri, akaishika habari hiyo kama ahadi. "Ona vile anaanguka," alituambia. "Huyu alifunzwa na jeshi. Hata mi, mungoje tu." Tulimwamini. Sajenti wa kwenye kanda alipopanga makuruta mstari, baba mdogo aliwapa majina ya watu waliokaa mabenchini, na mwenye jina alipaswa kuitikia.

"We Bizimana, mwenye tumbo!"

"Niko, shefu!"

"Kinyozi Athumani, mwenye kuharibu vichwa!"

"Niko, shefu! Na chako kitafika!"

Alasiri moja ya mvua, chumba kikiwa kimejaa, mdomo ulimtangulia. "Hamisi!" Hakuna aliyeitikia. "Hamisi!" akarudia, na sauti haikuwa tena ya sajenti. Filamu iliendelea, watu wakijikwaa na kuanguka bila mfasiri. Kisha akajijibu mwenyewe, polepole: "Apana, shefu. Hamisi hayiko. Nilimuzika."

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Mama aliingia na mwiko mkononi. "Shemeji, mwaka muzima unaniangalia nawekea chakula mutu mwenye ulizika?" Aliepua karai, na kesho yake akaanza eda. Baba mdogo hakufasiri tena. Alikwenda kulima mpunga Buterere, na sikumsikia tena akimchekesha mtu.

Leo nina shahada mbili na simu yenye filamu zote zile. Nimesoma maisha ya wachekeshaji wale: mmoja alikuwa mpiga mizinga, mwingine fundi wa ndege. Redio haikumdanganya baba mdogo. Ila haikusema walimwacha nani huko vitani. Naelewa sasa kila neno la Kiingereza, jambo ambalo nilidhani lingeniongezea kicheko. Sajenti anapoanza kuita majina, nazima sauti. Vinywa vinaendelea kuitikia, kimoja baada ya kingine, mstari mzima.