Jamhuri ya Ekari Mbili

Tunayo heshima na taadhima kuutangazia ulimwengu, waheshimiwa mabalozi, benki kubwa zote na mama lishe wa stendi ya Kyela, kwamba taifa jipya limezaliwa. Liko katikati ya mto Songwe. Lina ekari mbili kasorobo, migomba, mikakao, ng'ombe mmoja, kaburi moja, na nyumba ya bati ambayo mlango wake haufungi. Raia wake ni wawili, mke na mume, na mmoja amemnunia mwenzake. Rais wa nchi hiyo, Mheshimiwa Aliko Mwakifuna, hakuingia msituni wala hakufungwa jela na mkoloni. Alilala Mtanzania, akaamka huru.

Lawama ziende kwa mto. Wakubwa wa nchi mbili walikaa zamani wakakubaliana kwamba Songwe ndio mpaka, Tanzania huku, Malawi kule. Walialikana wote, ila mto wenyewe haukuitwa kikaoni. Basi nao kila masika unahama unavyotaka, kama mpangaji anayekimbia kodi. Mwaka jana, mwezi wa nne, ulichoka kuzunguka kona ya shamba la Aliko upande wa Bujonde, ukakata njia ya mkato nyuma ya nyumba yake. Kulipopambazuka, mbele ya nyumba palikuwa na mto wa zamani, nyuma mto mpya, na katikati Aliko amesimama na mswaki mdomoni.

Mwanzoni alicheka. Watu wa Kyela tumezoea maji. Ukimwonea huruma mtu aliyefurikiwa atakuuliza kama umetoka Dodoma. Alichonga mtumbwi, maisha yakaendelea. Lakini kila wiki mto ulikuwa unakula ukingo kidogo, mgomba leo, mgomba kesho, na Aliko si mjinga. Alijua masika yajayo nyumba itaondoka. Akatafuta kiwanja Talatala, mbali na maji, akakipata, akaelewana na mwenyewe hivi: mavuno ya kakao ya mwaka huu yakiuzwa, kiwanja ni chake. Mwenye kiwanja akamwita tata, yaani baba, akasema, "Nitakusubiri mpaka mnada wa mwisho wa kakao wa msimu. Ukipita huo, tata, nampa mwingine." Akikipata, atahamisha bati zake, ng'ombe wake, mke wake Neema na, kama ndugu wataridhia, mifupa ya mama yake aliyelala chini ya migomba. Asipokipata, watabaki pale kuusubiri mto.

Kwa hiyo walivuna. Walivundika kakao kwenye majani ya migomba, wakaianika kwenye chanja, Neema akiigeuza kwa miguu kutwa nzima, mpaka ikawa ukiitikisa inalia kama njugu. Aliko akapakia gunia la kwanza mtumbwini, akavuka kwenda ghala la ushirika.

Kwenye kivuko alimkuta Gelasius. Huyu alikuwa bwana shamba wetu, na bwana mifugo pia, mtu wa Kagera, mpole, Mkatoliki wa kusali kabla ya chai. Msimu ule nchi hizi mbili zilikuwa zimenuniana kuhusu mazao, huyu kazuia ya yule, yule kazuia ya huyu, basi Gelasius akapewa fulana ya kuakisi mwanga na amri ya kulinda kivuko.

"Ugonile, tata," Aliko akasalimia.

"Ndaga. Kakao inatoka wapi?"

"Shambani kwangu. Pale. Si unamwona yule ng'ombe? Unamchanja wewe mwenyewe kila mwaka."

"Pale ni ng'ambo ya mto?"

"Ya mto mpya."

"Mpaka ni mto, Aliko. Sikuelezwa mpya wala wa zamani. Hilo ni zao la nje ya nchi."

"Mimi ni mwanachama wa ushirika huu!"

"Sijakataa. Wewe ni Mtanzania," Gelasius alisema kwa upole uleule wa Kagera. "Kakao yako ndiyo mgeni."

Aliko akarudi, akavuka mto wa zamani kwenda upande wa pili. Askari wa Malawi alimkaribisha vizuri kuliko Gelasius, akamtolea kigoda, akakunjua ramani. "Achimwene, kaka yangu," akasema, "hapa kwangu mpaka ni mto wa zamani. Wewe uko Tanzania, na mazao ya Tanzania yamezuiwa." Akakunja ramani, akaomba kigoda chake.

Ndivyo taifa lilivyotambuliwa. Nchi nyingine hupigania kiti Umoja wa Mataifa miaka na miaka. Aliko alifukuzwa na pande mbili asubuhi moja, na hakuna ushahidi wa uhuru unaoshinda huo.

Habari ilifika barazani kwa Yasini. Yasini ana duka la jumla pale sokoni, babu yake alitoka Kilwa, na hajawahi kuona shida ya mtu mwingine bila kuitolea mpango. Baraza likageuka bunge.

"Nchi changa haiwezi kukaa peke yake," alisema Yasini akipima sukari. "Aliko ajiunge Afrika Mashariki. Soko mpaka Kongo!"

"Kongo atafika na mtumbwi?" akauliza fundi baiskeli. "Aende COMESA. Malawi wamo."

"Malawi na Tanzania wote wamo SADC, jamani. Kuna mkataba wa biashara huria, umesainiwa!"

"SADC ni ya marais," alijibu Gelasius, aliyepita kununua vocha. "Huku chini ni kivuko."

"Basi abaki huru, asifungamane na upande wowote."

"Asifungamane na nini, na ng'ombe mmoja?"

Watu walicheka mpaka mizani ya Yasini ikatikisika, mteja akapunjwa. Wakamtungia wimbo wa taifa kwa mluzi. Wakamwomba viza. Aliko alikuwa amekaa kwenye kreti ya soda, hakucheka. "Mnada wa mwisho ni Alhamisi ya wiki ijayo," alisema. "Kiwanja kinaondoka."

Gelasius akaondoka na vocha yake. Hapo ndipo Yasini alipoinama, akanong'ona mpango wake.

"Sikiliza, mwanangu. Hapa Kyela kuna kitu kimoja tu hakikaguliwi. Nini?"

"Sijui."

"Msiba! Umewahi kuona askari anapekua gunia la mtu anayekwenda msibani? Anavua kofia, anainamisha kichwa. Watu wa Karonga, kule Malawi, wanakuja kuzika kwetu, sisi tunakwenda kwao, na ng'ombe, na ndizi, hakuna anayeulizwa kibali. Kwa hiyo wewe umefiwa. Jamaa kumi tunaowaamini watakuja kwako na magunia ya mchele wa msiba. Watarudi na magunia yaleyale, ndani yake kakao. Asubuhi moja tu, kazi imekwisha."

"Nani amekufa?"

"Mtafute mtu wa mbali."

Aliko akamchagua shangazi yake Jubilate wa Matema, bibi ambaye hakuwa ameonekana Bujonde tangu arusi ya Aliko. Alijitetea kwamba kumsingizia mtu kifo si kumuua.

Mpango ulikuwa mzuri. Ulikosewa mahali pamoja, na ni kosa ambalo mtu wa Kilwa hawezi kuliona na Mnyakyusa hawezi kulikwepa. Neema aliambiwa alie kidogo, alfajiri, ili walinzi wa kivuko wasikie. Akatoka nje kulia kidogo. Akaiona kakao aliyoikanyaga kwa miguu yake kwa wiki nzima. Akaona ukingo ulivyosogea tena karibu na kaburi la mama mkwe. Sauti iliyotoka haikuwa ya kidogo. "Kyala gwangu! Twafwa!" Yaani Mungu wangu, tumekufa! Sauti ikapita juu ya maji, huku na kule.

Na Mnyakyusa akisikia kilio haulizi. Anaweka jembe chini, anakwenda. Mngonde wa ng'ambo ni ndugu yake, naye vilevile. Saa tatu asubuhi mitumbwi ilikuwa imejaa mito yote miwili. Walitoka Bujonde, Ikimba, mpaka Karonga. Wanawake na vikapu vichwani, wanaume na mapanga ya kukatia kuni, kwaya mbili za madhehebu yasiyopatana. Waliposhuka waliambiwa ni shangazi Jubilate, na kwamba amekwisha kuzikwa kwao Matema. Askari wa Malawi alivua kofia. Gelasius alivua kofia na fulana, akapanda mtumbwi naye, kwa sababu ni Mkristo na Aliko ni mkulima wake.

Tazama sasa soko la pamoja, wataalamu mje mjifunze! Watu walipita, mizigo ilipita, hakuna aliyeonyesha hata kitambulisho. Tatizo ni kwamba vyote vilipita kuingia. Hakuna kilichotoka, maana msiba wa kwetu mtu hafiki akaondoka. Anakaa. Siku ya kwanza alichinjwa ng'ombe, yule mmoja. Ungewapa waombolezaji mboga za majani ukaishi tena wapi? Zikakatwa ndizi, mbivu na mbichi. Kuni zilipoisha, vijana wakavunja chanja za kuanikia kakao. Na wazee walipokosa pa kukaa, mtu mwenye adabu zake aliingia ndani, akakuta magunia yamepangwa vizuri, akayatoa uani awakalishe wakubwa.

La mbele kabisa alipewa Gelasius.

Jioni mvua ikanyesha. Kyela mvua haisubiri masika. Watu walijifunika majani ya migomba, magunia hayakufunikwa na mtu. Aliko alizunguka uani akimwangalia bwana shamba aliyekalia kakao ya magendo, na bwana shamba, akiona mfiwa anamtazama kwa macho yale, akajua ni uchungu.

"Jikaze, ndugu yangu," alimwambia. "Mimi siondoki hapa mpaka matanga yaishe."

"Ndaga fijo," Aliko alimshukuru. Angesema nini? Inuka, ushahidi unalowa?

Siku ya tatu, watu wakiwa wamelala uani kama samaki, mtumbwi mmoja ukafika umechelewa. Akashuka bibi mnene na kapu la usipa mkavu, dagaa wa ziwani, mikono kichwani, akilia tangu majini. Waombolezaji wakainuka kumpokea kwa kilio, ndivyo ilivyo desturi. Alipomaliza duru ya kwanza akajipangusa.

"Mwanangu Aliko, nimesikia habari jana sokoni Matema, nimekuja mbio. Nani ametutoka?"

Kiongozi wa kwaya moja akauliza taratibu, "Na wewe ni nani, mama?"

"Mimi shangazi yake. Jubilate."

Kwaya nzima ikarudi nyuma hatua moja. Yasini, aliyekuwa akigawa sukari, akakumbuka ameacha duka wazi.

Neema ndiye aliyeinuka. Alikwenda moja kwa moja kwa Gelasius, akamwambia, "Samahani, tata, simama." Akasimama. Neema akakata kamba ya gunia, akalipindua. Kakao ilidondoka kwa mabonge, nyeupe kwa ukungu, kila bonge limevishwa sanda yake.

"Marehemu huyu hapa," alisema.

Wakaelewa wote. Sijui nani alianza, huenda shangazi Jubilate, lakini kilio kilichopigwa pale kilikuwa kikubwa kuliko cha siku ya kwanza, na safari hii hakuna aliyekuwa analia kwa adabu tu. Karibu kila mmoja ana kakao nyumbani.

Gelasius aliinama, akaokota punje, akainusa. Alikuwa anatafuta kanuni, na maskini aliipata.

"Hii si zao tena," alisema kwa sauti ya chini. "Iliyoota ukungu ni taka. Taka haina zuio." Akairudisha punje chini. "Unaweza kuvuka nayo, Aliko. Upande wowote."

Alhamisi mnada ulifanyika bila Aliko. Ijumaa kiwanja cha Talatala kilipata mwenyewe, anafuga nguruwe. Neema alikwenda na shangazi Matema kupumzika siku mbili, akakaa miezi. Barazani kwa Yasini utani uliendelea kidogo, halafu ukachusha. Aliko alibaki nchini mwake peke yake, rais na raia na upinzani, akisogeza kitanda kila ukingo uliposogea. Masika yalipoingia alihamisha bati, moja moja, akazipanga nyuma ya duka la Yasini. Kaburi hakuliweza. Ndugu walikuwa hawajaridhiana.

Wiki iliyopita walikuja wageni kutoka mjini na magari meupe, bango na kipaza sauti. Semina ilikuwa ya jamii za mpakani na soko kubwa la Afrika. Walisikia kuna mtu huku watu wanamwita Rais, wakafurahi sana, wakamwita mbele, wakampa maji ya chupa. Dada mwendeshaji akatabasamu mpaka nyuma ya ukumbi.

"Baba, tusaidie wewe mwenye uzoefu. Nchi ndogo iliyopata uhuru juzi tu, kama hiyo yako wanayoisema, ijiunge na jumuiya kubwa ya biashara au ibaki peke yake? Unaishauri nini nchi yako?"

Alimpa kipaza sauti. Aliko alikishika kama mtu anayeshika samaki wa mwenzake.

"Haipo," alisema. "Ilikwenda na maji Jumanne."